Mwalimu Asiyechoka

Zamani nchi yetu ilikuwa na jina jingine. Mtukufu Rais alipotangaza redioni kwamba safari ya maendeleo imekwisha, ikaitwa Jamhuri ya Tumefika. Sisi wananchi tulifurahi sana, maana miguu ilikuwa imetuuma. Wapo waliouliza tumefika wapi. Hao walichukuliwa kwenda kuoneshwa, na kwa kuwa hawajarudi, naamini wamepapenda.

Mimi naitwa Mwasiti, ni mwalimu katika Shule ya Msingi Mihangani. Naandika habari za rafiki yangu Adelina Nsolo aliyekuwa akifundisha darasa la nne, za mumewe Gervas ambaye ni Mwalimu Mkuu wetu, na za binti yao Koleta. Naandika kwa sababu watu wa mbali wanazisimulia vibaya. Wanasema shule yetu ina mzimu. Huo ni uzushi. Shule yetu ina mradi.

Mradi ulianza pale Wizara ya Elimu ilipogeuzwa kuwa Wizara ya Elimu ya Kesho, kwa kuwa elimu ya leo ilikuwa imeshindikana. Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Telesfori Kandambili, alikwenda ng'ambo akarudi na mashine. Ilikuwa kabati jeusi lenye kioo na spika, linalojua masomo yote na linaloweza kumjibu mtoto papo hapo. Likaitwa Mwalimu Asiyechoka. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu: lilikuwa na sauti ya bati, na watoto waliojaribiwa nalo mjini walijikojolea. Wizara ikaamua kuazima sauti za walimu hodari, mmoja kila wilaya. Wilaya yetu ikamtoa Adelina.

Aliporudi kutoka makao makuu nilimkuta jikoni kwake akichambua mchele.

"Walinivika waya kichwani kama mgonjwa," aliniambia. "Nikasoma vitabu vyote vya darasa la nne. Halafu wakataka nikohoe. Nikakohoa. Nipige chafya, nigombeze, nibembeleze. Halafu yule kijana akasema, 'Mama, sasa cheka.'"

"Ukacheka?"

"Nikacheka. Akasema kicheko hicho si cha moyoni, rudia. Mwasiti, nilirudia mpaka machozi yakanitoka. Unajua alisemaje? 'Safi sana, na hiyo tunaichukua.'"

Tulicheka sisi wawili pale jikoni, na hicho kilikuwa cha moyoni, ila hakuna aliyekirekodi.

*

Kabati lilipowekwa darasa la nne, Adelina alipandishwa cheo kuwa Msimamizi wa Utulivu. Kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha nyuma na kuhakikisha watoto hawagusi waya. Alikatazwa kusema neno lolote, kwa sababu mashine ikisikia sauti yake ikitoka mahali pawili, ingechanganyikiwa. Basi akawa anakaa kimya anajisikiliza akifundisha.

Siku ya kwanza mtoto mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, naomba kwenda chooni."

"Swali zuri sana!" likajibu kabati kwa sauti ya Adelina, ile yenye kamsisitizo kadogo mwishoni. "Choo ni mahali pa kuhifadhia uchafu wa mwili. Kuna choo cha shimo na choo cha maji. Nani atanitajia faida za choo?"

Mtoto alizitaja faida zote akiwa amebana miguu. Koleta, naye akiwa mwanafunzi wa darasa hilo hilo, aligeuka kumtazama mama yake kule nyuma. Adelina alikuwa ameuma pindo la kitenge asicheke. Kila nikimkumbuka, humkumbuka hivyo, na kitenge mdomoni.

Masika yalipokuja akashikwa na homa. Gervas alimbeba kwa pikipiki mpaka zahanati, lakini zahanati nayo ilikuwa imepata mradi wake. Mganga alikuwa amehamishwa, na mahali pake palikuwa na kioo kilichomtaka Adelina achague sura moja kati ya sura tano, kuanzia ya kucheka hadi ya kulia, ili kuonesha anaumwa kiasi gani. Alipoinua kidole kuchagua, mtandao ukakatika. Akafariki kwenye benchi, kichwa chake mapajani kwa mumewe, mvua ikipiga bati.

Tulimzika Jumapili. Jumatatu asubuhi waombolezaji walikuwa bado wamejaa uani kwa Mwalimu Mkuu, wanawake wameketi mikekani, na dada wa marehemu ndiyo kwanza wamefika kutoka mbali, wanalia kwa sauti. Nyumba ya Mwalimu Mkuu na darasa la nne vimetenganishwa na ua wa minyaa tu. Sisi walimu tulikuwa tumejipa ruhusa ya msiba, lakini kabati halikuwa na undugu na mtu. Saa mbili kamili likajiwasha.

"Habari za asubuhi, wanangu!"

Kilio kikakatika.

"Mbona kimya? Mmekula kweli leo? Haya, tutoe vitabu. Nusu ya kumi na nane ni ngapi?"

Dada mkubwa wa Adelina alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Aliishusha polepole, akatazama minyaa, akatutazama sisi. "Jamani," akasema, "sasa mimi namlilia nani?"

Kilio hakikurudi. Tulijaribu wimbo, lakini kila tukifika kiitikio, ng'ambo ya ua marehemu alikuwa akimsifu mtoto kwa kujibu tisa. Ilipofika saa sita watu walikuwa wamekunja mikeka yao wakaondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa kunong'ona. Gervas alibaki uani peke yake. Tulipomtafuta Koleta hatukumwona nyumbani. Alikuwa darasani, dawati la mbele, amevaa sare, kitabu wazi.

*

Gervas alikwenda wilayani kwa Afisa Elimu, Bwana Machumu, kuomba sauti ile ibadilishwe. Mimi nilimsindikiza, maana tangu msiba alikuwa hali chakula vizuri.

"Pole sana, Mwalimu Mkuu," alisema Bwana Machumu, macho kwenye kompyuta. "Lakini naona mke wako yupo kazini."

"Mke wangu nimemzika, mzee."

"Sikatai. Kuzika ni haki ya familia. Mimi nakueleza mfumo unavyosema. Ameingia darasani leo saa mbili kamili. Hakuna mwalimu katika wilaya hii mwenye mahudhurio kama yake. Wewe mwenyewe hapa umeandikwa mtoro."

"Nilikuwa msibani."

"Msiba wa nani? Kwenye mfumo hakuna aliyekufa."

Gervas alivuta kiti karibu na meza. Halafu akasema kwa upole, kama anavyosema na mtoto asiyeelewa hesabu, "Mzee Machumu, binti yangu hajalia mpaka leo. Anarudi nyumbani analala tu. Anasubiri kupambazuke akamsikilize mama yake. Nakuomba kama mzazi mwenzangu."

Nadhani Bwana Machumu aliguswa, kwa sababu alivua miwani. Akafungua droo akatoa mkataba aliosaini Adelina.

"Ipo njia moja," akasema. "Sauti itaacha kazi kwa ombi la mdomo la mwenyewe, mbele ya ofisa wa Wizara."

"Mwenyewe amekufa."

"Ndiyo maana nasema una bahati, sauti ipo. Sheria haiangalii mdomo, inaangalia sauti. Ikisema yenyewe kwamba inaacha kazi, nani atabisha?"

Tulirudi Mihangani na matumaini ya ajabu kidogo. Watoto walipotoka, Gervas aliingia darasa la nne, akasimama mbele ya kabati kama kijana aliyekwenda kuposa.

"Adelina," akasema. Akajikwaa hapo hapo, akajifuta uso. "Adelina, sema unaacha kazi."

"Swali zuri sana!" likajibu. "Hilo tutajifunza wiki ijayo."

Alijaribu kwa amri, akajaribu kwa kubembeleza. Kabati likamwomba ataje kazi za mikono zinazopatikana katika wilaya yake. Nilimshika mkono nikamtoa nje.

*

Koleta yeye hakuwa akiomba chochote cha namna hiyo. Kila siku wenzake wakitoka alibaki, akisimulia. Alisimulia kuku waliototoa, shangazi aliyepiga simu, na jinsi baba anavyounguza ugali. Kabati likasema vizuri sana, na je, kuku ni mnyama wa kundi gani? Naye akajibu. Nywele zake zilikuwa zimesimama ovyo. Nilipotaka kumsuka alikataa.

"Mama mdogo, utasumbuka bure. Mama atanisuka."

"Lini, mwanangu?"

"Nimemuuliza anarudi lini. Kasema wiki ijayo."

Serikali yenyewe ilikuwa upande wa mtoto.

Wiki ijayo ilifika, kabati likafundisha hesabu za sehemu. Akauliza tena, akaambiwa wiki ijayo. Ikapita nyingine na nyingine, na mtoto anakonda. Mchana mmoja nilikuwa nafagia barazani nikamsikia akisema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mtu mzima.

"Mama. Mimi nani?"

Kabati likanyamaza kidogo, kama linavyofanya likitafuta jibu.

"Wewe ni mwanafunzi hodari!" likasema, kwa kamsisitizo kale kale. "Hebu simama utuambie, unaitwa nani?"

Koleta alitoka. Alinipita bila kunitazama, akavuka uwanja. Nikaacha ufagio nikamfuata mpaka jikoni kwao, ambako Gervas alikuwa akikoroga sufuria moshi ukimwingia machoni.

"Baba," akasema, "yule hanijui."

Gervas aliweka mwiko chini. Akachuchumaa, akamsimulia yote: Bwana Machumu, mkataba, na namna alivyokwenda kuongea na kabati likamfundisha kazi za mikono. Nilidhani mtoto atalia. Hakulia. Alikuwa anafikiri.

"Huwa linasoma insha," akasema. "Insha iliyoshinda linaisoma lenyewe kwa sauti. Na Waziri anakuja."

Ni kweli alikuwa anakuja. Adelina alikuwa amechaguliwa Mwalimu Bora wa Taifa, na Mheshimiwa Kandambili alikuwa anamletea ngao.

"Hapana," Gervas akasema. "Hiyo si kazi ya mtoto. Nitaandika mimi."

"Ukiandika wewe halitasoma, baba. Linasoma za wanafunzi tu."

Mwalimu Mkuu wetu ana shahada mbili, lakini hapo alimsogezea mtoto kalamu. Koleta akaenda kuleta karatasi. Aliandika pale pale jikoni, kifua juu ya meza, ulimi nje, na sisi tukakaa tunamtazama kama watu wanaosubiri nje ya wodi. Mara moja tu aliinua kichwa.

"Baba, mama alikuwa anasema 'nimechoka,' au 'nimechoka mie'?"

Gervas alijifuta macho kwa kiganja.

"Nimechoka mie," akasema.

*

Siku ya Waziri tulifagia mpaka mchanga ukaisha. Magari yalikuja mengi kuliko wanafunzi. Ngao ilikuwa kubwa, ya shaba, na kwa kuwa mshindi hakuwa na mikono, waliisimamisha juu ya kabati.

"Ndugu wananchi wa Tumefika!" alianza Mheshimiwa Profesa Kandambili. "Kwa muda mrefu kifo kimekuwa chanzo kikubwa cha utoro kazini. Mtumishi anasomeshwa kwa gharama za umma, kisha siku moja, bila taarifa, anakufa! Serikali sikivu imesema basi. Mwalimu Adelina ametuonesha njia. Hajachelewa, hajaugua, hajaomba likizo. Nawaagiza walimu wote nchini waige mfano wake!"

Sisi walimu tulipiga makofi, ingawa tulitazamana.

Kisha kabati likaombwa kuwaonesha wageni kazi za wanafunzi. Mada ilikuwa "Mtu Ninayemjua." Kwa mujibu wa kabati insha bora ilikuwa ya Koleta Nsolo. Kamera zikasogea. Gervas alikuwa amesimama karibu yangu, ameshika ukuta.

Likasoma, kwa ile sauti:

"Mimi naitwa Adelina Nsolo. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Nilikuwa napenda chai ya iliki na nikicheka nauma kitenge. Nilikufa siku ya mvua. Nimezikwa kwa babu karibu na mihina. Naongea kila siku lakini simwoni mtu. Watoto wananiuliza nawajibu lakini siwajui, hata mwanangu simjui. Hiyo siyo tabia yangu. Nilikuwa namjua sana mwanangu. Nimechoka mie. Naomba kuacha kazi. Mniruhusu nikalale. Mwanangu atajifunza kusuka mwenyewe, na mama mdogo atamsaidia."

Watu wa Mihangani walikuwa wameinamisha vichwa. Gervas aliteleza ukutani mpaka akakaa chini, na suti yake.

"Insha nzuri sana!" kabati likasema. "Alama nane kwa kumi. Mwandishi azingatie matumizi ya mkato."

Mheshimiwa Waziri alipiga makofi. Alidhani ni sehemu ya ratiba. Mwanasheria wa Wizara, mama mnene mwenye miwani, akamwinamia sikioni, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, sote tulisikia.

"Mheshimiwa, hilo ni ombi halali. Limetolewa kwa sauti ya mtumishi, na ofisa wa Wizara aliyeshuhudia ni wewe."

"Lakini ile si insha ya mtoto?"

"Tukisema ni ya mtoto, tunakubali kwamba sauti si Adelina. Na kama si Adelina, basi darasa hili limekaa muda wote huu bila mwalimu, na ngao umempa marehemu."

Waziri alifikiri sana. Jasho likamtoka. Hatimaye akarudi kwenye kipaza sauti akatangaza kwa masikitiko makubwa kwamba Wizara imeridhia ombi la Mwalimu Adelina, na kwamba, kama mtumishi mwingine yeyote, atatumikia notisi ya mwezi mmoja. Kisha wakapanda magari. Ngao waliichukua, maana mshindi alikuwa ameacha kazi.

*

Mwezi ule ulikuwa mgumu kuliko yote iliyotangulia. Kabati halikujua lolote. Lilifundisha mito na milima kwa furaha ile ile, likisema wiki ijayo tutajifunza hiki na kile, na watoto wakiitikia huku wanajua. Wengine waliacha kuuliza maswali kabisa, kwa adabu, kama unavyoacha kumuuliza mgonjwa habari za mwaka ujao. Koleta alikuja kwangu siku moja na kitana. Nilimsuka mtindo wa twende kilioni.

Mafundi walitakiwa waje siku ya mwisho kuzima sauti na kuweka mpya. Sauti mpya ilikuwa ya Mheshimiwa Waziri mwenyewe, kwa kuwa baada ya sherehe ile walimu wote walioitwa makao makuu kurekodiwa walikuwa na mafua. Lakini gari la mafundi lilikosa mafuta. Bwana Machumu akapiga simu.

"Kuna swichi nyuma, chini," alimwambia Gervas. "Zima mwenyewe. Sisi tutakuja Jumatatu."

Masomo yalikwisha. Watoto walitoka kwa mstari, na kila mmoja alipofika mlangoni aligeuka akasema kwaheri, bila kuambiwa na mtu. Tukabaki watatu. Gervas alikwenda nyuma ya kabati, akapiga magoti, akanyoosha mkono. Mkono ukakaa hapo hapo hewani. Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Siwezi," akasema. "Mwasiti, siwezi. Nilishamzika mara moja."

Nami sikuweza. Nilikuwa naangalia sakafu.

"Nipishe, baba," Koleta akasema.

Alipiga magoti pale baba yake alipokuwa. Pengine kabati lilisikia mlio wa viatu vyake, kwa sababu liliwasha kioo.

"Bado mpo, wanangu?" likauliza. Sauti ilikuwa ya chini, ile aliyokuwa akiitumia jioni watoto wakichelewa kwenda kwao. "Nani yumo darasani?"

Koleta aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa kabati. Alikaa hivyo muda mrefu, nikadhani amebadili nia.

"Hatumo," akasema. "Tumeshaondoka, Mwalimu."

Akazima.

Kimya kilichofuata sikuwa nimekisikia tangu masika. Kilijaza darasa, kikatoka dirishani, kikavuka minyaa. Koleta alibaki amepiga magoti, mabega yakaanza kumtikisika, na sauti ikamtoka kifuani, kubwa, isiyo na maneno, mpaka ng'ombe malishoni wakainua vichwa. Gervas alimkumbatia pale chini kwenye vumbi la chaki la miaka, naye akalia.

Hatukumwita mtu. Nilipotoka barazani niliwaona watu wanakuja kutoka pande zote za kijiji, wanawake wamefunga vitenge kiunoni, mmoja na kuni, mwingine na sufuria, dada mkubwa wa Adelina, aliyefika kijijini jana yake, mbele yao, na wote wameshaanza kulia.